WARAKA: TUWAHESABU NA WASIOKUWEPO

Kwa: Watafiti wote wanachama
Yah: Takwimu za familia, akili na elimu

Ndugu wanachama,

Msimu wa madodoso umewadia, na wengi wetu tutarudi kwenye swali lile lile: mtoto hufaulu kwa akili zake au kwa hali ya kwao? Kabla hatujafungua kompyuta, tukumbushane mambo matatu.

Kwanza, nani hayumo kwenye jedwali? Tukipima wanafunzi wa kidato cha nne peke yao, mchujo umeshapita kabla yetu. Mtoto wa kapuku aliyefika pale mara nyingi amefika kwa akili nyingi. Wa mwenye duka la jumla hufika hata kwa alama za kubabaisha, kwani shule ya kulipia ipo. Ndani ya darasa hilo, akili na hali ya nyumbani zaweza kuonekana hazijuani kabisa, ingawa mtaani huandamana. Ndiyo faida ya upimaji wa Uwezo nchini Tanzania, Kenya na Uganda: uliwafuata watoto majumbani, wanaosoma na wasiosoma.

Pili, alama za pembeni hurudi katikati zenyewe. Mwaka 1886 Francis Galton wa Uingereza alichapisha vipimo vya urefu wa watu wazima 928 pamoja na wazazi wao, jozi 205. Urefu wa kila mwanamke aliuzidisha kwa 1.08 ili ulinganishwe na wa wanaume. Wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, ila kwa wastani hawakuwafikia. Watoto wa wafupi sana nao waliwapita wazazi wao. Basi ukiwakusanya walioshika mkia katika jaribio la Januari ukawapa tuisheni, Machi wastani wao utapanda hata mwalimu asipotokea. Baadhi yao siku ile walikuwa na homa tu. Wagawe kwa kura, nusu wapewe tuisheni na nusu wasubiri. Hapo ndipo utajua tuisheni imefanya nini.

Tatu, tusidhibiti kila kigezo tunachokiona. Barbara Burks wa Marekani alilionya hilo tangu mwaka 1926. Ukitaka kujua elimu ya mama inamfaa mtoto kiasi gani, halafu ukasawazisha kwa hesabu idadi ya vitabu vilivyomo nyumbani, umeiziba njia mojawapo ambayo mama humsaidia mwanawe. Utaandika kwamba elimu ya mama haina uzito, kumbe uzito umeutoa wewe.

Kwa hiyo naomba kila ripoti itangulize aya moja kabla ya jedwali la kwanza: nani walipimwa, nani walikosekana na kwa nini, na kila kigezo kimewekwa kwa sababu gani. Ripoti isiyo na aya hiyo itarudishwa kwa mwandishi.

Wenu katika utafiti,
Katibu