FAINI NI ADHABU, NYONGEZA JE?

Hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayetetea uzembe barabarani. Barabara ya lami inayotuunganisha wana Katavi na ndugu zetu wa Tabora imeleta neema, lakini imeleta pia mwendo wa kasi, na kasi huua. Kwa hiyo hatuna ugomvi na faini. Swali letu linahusu nyongeza inayotozwa juu ya faini kwa aliyechelewa kulipa.

Mwezi Juni, 2021, Serikali ilipendekeza Bungeni faini ya pikipiki na bajaji ishushwe kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja. Kabla ya hapo mwenye pikipiki na mwenye lori walitozwa sawa. Pendekezo lile lilikuwa la insafu, kwa kuwa lilitambua kwamba adhabu haina budi kulingana na hali.

Sasa tuchukue mfano. Kijana wa bodaboda hapa Mpanda, anayeendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, ameandikiwa faini ya shilingi 10,000. Jioni tajiri wake anangoja hesabu, na nyumbani watoto wanangoja unga. Anachelewa kulipa. Nyongeza ikiwa ya robo, atadaiwa shilingi 12,500. Mwenye gari la fahari, ambaye huenda kosa lake lilikuwa kubwa zaidi, amelipa shilingi 30,000 zake siku ile ile kwa simu, wala hakuongezewa hata senti. Je, hizo shilingi 2,500 za kabwela ni adhabu ya kosa gani? Si la taa, wala si la kofia ngumu. Ni adhabu ya kutokuwa na fedha.

Watakuwapo watakaosema kwamba bila nyongeza wakaidi hawatalipa. Ni kweli wakaidi wapo. Lakini mkaidi ana mahali pake, nako ni mahakamani. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Hakimu anaweza kumtofautisha mkaidi na asiyejiweza. Nyongeza inayojiongeza yenyewe kwa kuhesabu siku haiwezi. Tena, deni likiandikwa kwa namba ya chombo, mwenye chombo aliyeko Karema au Inyonga aweza asilijue mpaka asimamishwe siku nyingine, na nyongeza iko juu yake tayari.

Tunashauri mambo matatu. Siku zihesabiwe tangu mdaiwa alipojulishwa. Kiwango cha nyongeza kiandikwe wazi katika hati anayokabidhiwa. Na anayejitokeza mwenyewe kueleza shida yake aruhusiwe kulipa kidogo kidogo.

Madereva nao wasijifiche. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini dawa ikizidishwa kipimo hugeuka sumu.