Bibi Naye Aitwe Chuoni

Chimba kishimo, tia vijiwe kumi, kisha rusha kingine juu. Kabla hujakidaka, vitoe vyote nje; ukikirusha tena, virudishe shimoni, ila kimoja. Mara nyingine, ila viwili. Huo ndio mdako, na mtoto anayeucheza hujumlisha na kutoa kutwa nzima bila kuambiwa kwamba yumo kwenye somo la hesabu.

Lakini mwalimu tarajali wa elimu ya awali aweza kumaliza chuo akiwa hodari wa kuchora chati za namba, asiulizwe hata siku moja kama aliwahi kucheza mdako. Akipangiwa kazi kijijini, hulalamika kuwa shule haina zana, ilhali uwanja umejaa vifuu na magunzi.

Wapo waliotutangulia katika hili. Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alianza kuwafunza kina mama wa mitaani kuendesha shule za awali zilizoshikamana na madrasa. Walifundishia vitu vilivyopatikana mtaani, pamoja na nyimbo na hadithi za kwao. Mpango ule ulivuka hadi Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Tazama pia vitendawili. Mtoto akishindwa kutegua hudaiwa mji. Marehemu bibi yangu nilimpa Tanga, akakataa. Nikampa Lindi, akakataa. Hakuridhika mpaka nimpe Unguja. Jiografia yangu ya kwanza niliipata pale jikoni, tena katikati ya moshi.

Sisemi kila cha wazee kibebwe. Fimbo, na kumtishia mtoto kwa zimwi ili alale, tuviache huko huko.

Ombi langu kwa wakufunzi ni dogo: katika wiki za mazoezi ya kufundisha, mwanachuo atumie japo siku mbili kwa mzee wa mtaa wa shule anayofundisha. Ajifunze kusuka ukili, aone jinsi miyaa inavyohesabiwa na kupishanishwa; arudi na michezo mitatu na hadithi mbili, azifundishe darasani, naye apewe alama kwa hilo.

Nawe msomaji, kama jirani yako ni bibi wa kusifika kwa hadithi, na chuo cha ualimu hakiko mbali, kamwombe aende. Kisha zungumza na mkuu wa chuo. Nauli yake tuchangeni sisi.