Fedha kwenye pakiti za sarafu za benki: bado ipo, na itaisha lini?

Wiki mbili zilizopita msikilizaji wetu mmoja wa Sikonge alitutumia video kwenye WhatsApp. Inamwonyesha Mmarekani amekaa mezani na boksi la sarafu alilolitoa benki. Anachana karatasi, anamwaga sarafu, anazipekua moja moja, mara anapiga kelele. Amepata ya fedha. Swali la msikilizaji lilikuwa fupi: "Na mimi nikienda benki hapa Tabora nikaomba sarafu, nitapata?"

Jibu ni hapana. Tulilisema hewani, simu zikaanza kuingia, na nyingi hazikuwa za kuuliza habari za Marekani. Watu walikuwa wanauliza kuhusu sarafu zilizo kwenye makopo ya bibi zao. Kipindi kilikuwa kifupi, kwa hiyo tumeona tuandike hapa tulichoshindwa kumaliza.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi Waswahili pesa tunaiita fedha, na yale madini meupe yanayong'aa nayo tunayaita fedha. Hatukukosea. Zamani pesa ilikuwa ni hayo madini hasa. Sarafu ilithaminiwa kwa uzito wa madini yaliyomo, na maandishi yaliyo juu yake yalikuwa ni ahadi tu kwamba uzito huo upo kweli.

Marekani ilikaa na utaratibu huo muda mrefu. Hadi sarafu za mwaka 1964, senti 10, senti 25 na nusu dola za huko zilikuwa na fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10. Bei ya madini hayo ikawa inapanda, na serikali ikaona inakoelekea: fedha iliyo ndani ya sarafu ingezidi thamani iliyoandikwa juu yake. Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuondoa fedha kwenye senti 10 na senti 25, zikawa za shaba na nikeli. Nusu dola iliachiwa fedha asilimia 40 hadi mwaka 1970, kisha nayo ikavuliwa.

Hapo wananchi walifanya kile ambacho hata wewe ungefanya. Ukiwa na sarafu mbili mfukoni, zote zimeandikwa senti 25, moja ya fedha na nyingine ya shaba, dukani utatoa ipi? Utatoa ya shaba, ile nyingine utaificha. Wachumi wana msemo wao kwamba pesa mbaya huifukuza pesa nzuri. Kwa miaka michache tu sarafu nyingi za fedha zilikuwa zimeshatoweka mikononi mwa watu. Januari 1980 bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa wakia (wakia moja ya madini ni gramu 31 na kidogo), watu walizipeleka kwa wingi kuyeyushwa.

Sasa kwa nini yule mtu wa kwenye video bado anazipata?

Kwa sababu moja ambayo ni rahisi kuisahau: Marekani haikuzifuta. Robo dola ya mwaka 1964 ni pesa halali hadi leo. Mtu anafariki, watoto wanafungua droo yake, wanakuta chupa imejaa sarafu. Hawana muda wa kutazama miaka, wanaipeleka yote benki. Sarafu zinahesabiwa, zinafungwa upya kwenye karatasi kama pakiti ya biskuti za duara, na kutolewa kwa mteja mwingine. Huyo mteja mwingine ndiye msakaji wetu. Pakiti ya nusu dola ina sarafu 20, sawa na dola 10. Boksi zima lina pakiti 50, yaani sarafu 1,000 kwa dola 500. Wasakaji wengi huanzia kwenye nusu dola, kwa kuwa hakuna anayezitumia dukani na hivyo za zamani zimelala kwa amani.

Msakaji hutazama kwanza ukingo wa sarafu. Ya shaba na nikeli ina mstari mwekundu pembeni, ya fedha ni nyeupe kote, ingawa ya asilimia 40 huweza kuwa na wekundu hafifu. Asipopata kitu anarudisha zote benki na kupewa dola zake 500. Hapotezi senti kwenye sarafu zenyewe. Anachopoteza ni muda, mafuta ya gari na uvumilivu wa makarani. Pale benki inapomtoza ada ya kuhesabu, anapoteza na hiyo.

Wanaotamani kazi hii wachukue kalamu. Tupige hesabu kwa bei ya dola 50 kwa wakia. Nusu dola ya 1964 ina gramu 11 na robo za fedha safi, sawa na dola 18 hivi. Robo dola ya mwaka huo ni kama dola 9. Nusu dola ya 1965 hadi 1970, ile ya asilimia 40, ni dola 7 na kidogo. Tuseme boksi zima limekupa moja ya aina hiyo ya mwisho. Umepekua sarafu 1,000, umekwenda benki mara mbili, na mnunuzi hatakupa bei kamili maana naye anataka faida. Kijana wa bodaboda hapa kwetu angekuuliza kama unaumwa.

Hata hivyo bei inawapa watu moyo. Oktoba 2025 fedha ilivuka ile rekodi ya 1980, na tangu hapo haijatulia. Kwa mtazamo wetu, bei hiyo hiyo inayowaleta watu benki ndiyo itakayoua usakaji. Kila anayepata sarafu ya fedha huiondoa moja kwa moja, hairudishi kwenye pakiti. Hakuna mpya inayotengenezwa kuziba pengo. Ni kisima kisicho na chemchemi, na kila bei ikipanda watu wengi zaidi wanakwenda na ndoo. Zaidi ya hapo, mtoto anayefungua droo ya marehemu siku hizi amesikia kuhusu bei. Kabla ya kukimbilia benki anatazama miaka. Karani wa dirishani naye ana macho.

Halafu kuna suala la sarafu zenyewe. Wamarekani, kama sisi na simu zetu, wanazidi kulipa bila kushika pesa. Mwaka 2020 wakati wa korona mzunguko wa sarafu ulikwama hadi benki kuu yao ikaanza kuzigawa kwa mgao. Tarehe 12 Novemba 2025, huko Philadelphia, ilitengenezwa senti moja ya mwisho kwa ajili ya matumizi ya kawaida, baada ya zaidi ya miaka 230. Kutengeneza senti moja kulikuwa kunagharimu zaidi ya senti tatu. Senti hiyo haikuwa na fedha ndani, kwa hiyo haimgusi msakaji moja kwa moja, ila inaonyesha mambo yanakoelekea. Sarafu zikipungua benki, pakiti za kupekua zitapungua pia.

Hatusemi itaisha mwaka huu. Wazee waliozificha wakati wa Johnson wanaendelea kufariki, na droo zitaendelea kufunguliwa kwa miaka kadhaa. Tunachosema ni kwamba fedha inahama. Siku zijazo itapatikana nyumbani kwa watu na kwa wanunuzi wa sarafu kuliko benki.

Na hapo ndipo habari hii inaporudi kwetu, kwa kuwa huku fedha ilishahama kitambo. Shilingi za Tanzania, Kenya na Uganda za matumizi ya kawaida, kuanzia zile za kwanza za 1966, hazina fedha hata chembe. Ile ya shilingi 500 iliyo mfukoni mwako ni chuma kilichopakwa nikeli. Jaribu kuisogezea sumaku. Sarafu za mkoloni ziliondolewa kwenye mzunguko, hazipokelewi tena, hivyo kile kifuko cha nailoni cha benki hakiwezi kuwa nazo. Waingereza nao yaliwakuta hayo: shilingi zao kubwa za zamani ziliondolewa 1990, na sarafu ya shilingi mbili mwaka 1993.

Tofauti hii ina uzito kwa mwenye kopo. Mmarekani akitapeliwa vipi, robo dola yake haishuki chini ya senti 25. Wewe sarafu yako haina sakafu ya namna hiyo. Thamani yake ni ile ya madini au ya mkusanyaji, na usipoijua, anayekutajia bei ni yule aliyekuja na pikipiki. Mama mmoja alitupigia akasema aliuza rupia tisa za marehemu babu yake kwa pesa ya kilo mbili za sukari. Tulinyamaza studio nzima.

Rupia ya Mjerumani, yenye uzito unaokaribia gramu 12, ina fedha karibu asilimia 92. Kwa bei ile ile ya dola 50 kwa wakia, moja ina fedha ya dola 17 hivi. Rupia ya India iliyotumika pwani kabla yake ina kiwango hicho hicho. Reale kubwa ya mama mnene, Maria Theresa, ina fedha ya dola 37 hivi, lakini usidanganyike na mwaka 1780 ulioandikwa juu yake. Sarafu hiyo imetengenezwa tena na tena hadi karne ya 20, na zote zimeandikwa 1780.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba ndiyo inayowachanganya wengi. Zilizotengenezwa kati ya 1921 na 1946 zina fedha robo tu, chini ya gramu mbili, kama dola 3, na mnunuzi atakata zaidi kwa sababu kuisafisha fedha kidogo namna hiyo ni kazi. Za kuanzia 1948 simba ni yule yule ila fedha hamna. Senti zenye tundu hazina fedha. Hela za Mjerumani pia hazina, pamoja na zile za njano za hela 20 zilizotengenezwa hapa hapa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Mjini kwetu kuna wanaoapa kuwa hizo ni dhahabu. Za dhahabu zilikuwepo kweli, za rupia 15 zenye picha ya tembo, lakini ni sarafu nyingine kabisa.

Ukiwa na kopo, tazama mwaka kwanza. Usisugue sarafu kwa mchanga wala majivu, maana mkusanyaji hulipa kidogo kwa iliyosuguliwa. Sogeza sumaku: ikinasa, si fedha. Isiponasa bado hujathibitisha, kwani shaba nayo hainasi. Iende ikapimwe kwa sonara, na uwe umesimama hapo hapo unatazama mizani. Uliza bei kwa watu wawili au watatu. Mtu akikuomba utume kwanza pesa ya usajili, ya kipimo au ya nauli ya mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kata simu. Na hakuna sarafu inayovuta mchele. Tumeulizwa mara nne wiki hii.

Jumamosi baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku tutakuwa na sonara studioni, pamoja na mizani yake. Ukitaka sarafu yako izungumziwe, tutumie picha ya pande zote mbili, mwaka usomeke. Usitaje kijiji chako wala idadi ya ulizonazo. Hata sisi hatuhitaji kujua.