Intaneti ya Kupimiwa

Mama wa Tandale akienda dukani asubuhi hanunui dumu la mafuta ya kula. Anapimiwa: mafuta kikombe kidogo, sukari robo, unga nusu kilo. Jumlisha vipimo hivyo mwezi mzima, utakuta kila lita imemgharimu zaidi kuliko mtu wa Masaki aliyebeba dumu zima kwenye gari. Si kwamba mama huyu hajui hesabu. Anaijua kutushinda. Ila fedha ya dumu haijawahi kukaa mkononi mwake kwa siku moja.

Ndugu zangu, hivyo ndivyo tunavyonunua intaneti. Bando la saa, bando la siku, bando la usiku wa manane wakati wenye akili wamelala. Mwenye nacho amevutiwa faiba mpaka sebuleni, analipa mara moja kwa mwezi, na watoto wake hawajui MB ni kitu gani. Sisi wa Manzese na Mbagala tunazihesabu kama punje za mchele, na MB ya kifurushi cha siku, ukiipigia hesabu, huwa ghali kuliko ya mwezi.

Sisemi mtandao haupo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata 2010, na Mkongo wa Taifa ukatandazwa hadi mikoani. Mnara unauona ukiwa uani unaanua nguo. Kilichokosekana ni bei nafuu.

Wala tusidanganyane kwamba intaneti ni anasa. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni. Ajira za serikali, mtandaoni. TIN na jina la biashara, vivyo hivyo. Serikali iliyohamishia madirisha yake huko haiwezi kumwacha raia alipie kiingilio kwanza ndipo ahudumiwe. Nenda steshenari yoyote ya uswahilini msimu wa maombi ya mikopo: vijana wamepanga foleni na bahasha za kaki, na kijana mmoja nyuma ya kompyuta anawajazia fomu. Juzi nilikaa katika mojawapo nikisubiri kutoa kopi. Binti mmoja alimtajia yule kijana nywila yake kwa sauti, mbele ya watu kumi, maana kelele za jenereta zilikuwa nyingi. Mustakabali wa binti yule ulikuwa kwenye vidole vya mtu asiyemjua, na mtu huyo akikosea herufi moja ya jina, hatalaumiwa yeye.

Wapo watakaosema vijana wakipewa intaneti ya bei chee wataishia kubeti. Baadhi watabeti, tena kwa bidii. Lakini hata barabara ya lami inawapeleka walevi baa, na hatujawahi kuifukua.

Mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makampuni ya simu huuchangia. Wengi hudhani ni mfuko wa minara ya vijijini tu. Vijiji vimefaidi, na siwaonei wivu. Lakini sheria yenyewe inataja pia maeneo ya mijini yasiyo na huduma ya kutosha. Je, mtaa wa Vingunguti ambako mtu anazima data ili salio lisimwishie njiani, una huduma ya kutosha? Na juu ya hayo upo ushuru wa bidhaa kwenye mawasiliano, unaomkata muuza vitumbua sawasawa na mwenye maghorofa.

Pale bomba la maji lilipokosa kufika nyumba kwa nyumba, mji huu ulijenga vioski vya maji. Basi na intaneti iwe na kioski chake: ofisi ya serikali ya mtaa, zahanati, soko, shule ya msingi baada ya masomo. Faiba moja, kifaa cha Wi-Fi ukutani, benchi la kukalia, na kompyuta mbili kwa asiye na simu janja. Na vikundi vya vijana vinavyokopa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, kwa nini tuwaze bodaboda tu? Kikundi kinaweza kuendesha kioski hicho kwa ada ndogo, mradi mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iwape leseni isiyowashinda.

Kelele zetu zina nguvu. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotoka watu walilalamika, na Serikali ikazisitisha. Kisha tukanyamaza, kana kwamba bei kutopanda ni sawa na kushuka.

Bajeti za halmashauri huanza kutumika Julai mosi, na hupangwa miezi mingi kabla. Diwani ashikwe sasa, kabla vitabu havijafungwa. Mkutano wa mtaa wetu ni Jumamosi. Nimemwomba mtendaji aweke kioski cha intaneti kwenye ajenda, baada ya taka na kabla ya mengineyo. Ameandika, ila kwa penseli.