Udugu Usio na Yamini

Huko Ireland, mwaka 1795, Waprotestanti wa jimbo la Armagh waliunda chama cha udugu kiitwacho Orange, chenye majumba yake ya mikutano, daraja za vyeo, yamini za kuingilia na mishipi ya rangi ya chungwa, nacho kikaenea ng'ambo hata kikafika Ghana na Togo. Lakini udugu wa Kiprotestanti uliostawi Morogoro ni wa asili nyingine kabisa, na tarehe yake yastahili taadhima kubwa kuliko inayopewa sasa.

Nausemea ushirika wa Ndugu wa Uamsho. Chimbuko lake ni Kampala mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church na Simeoni Nsibambi, Mganda, walipoketi pamoja kusoma Biblia na kuombeana. Kutoka hapo ukashika Gahini nchini Rwanda, ukavuka Kenya na Tanganyika, ukaingia katika makanisa ya Kianglikana ya Ugogo na Ukaguru.

Thamani yake haimbainikii ila aijuaye nchi yenyewe ya Morogoro. Katika milima ya Uluguru, kama Ukaguru, mtu huhesabiwa kwa ukoo wa mama yake, na shamba hupatikana kwa ukoo huo. Uislamu, na Ukatoliki uliokita Matombo na Mgeta tangu enzi ya Wajerumani, ulikwisha kuwa na jamaa zake. Mprotestanti aliyeteremka mjini kufuata reli au mkonge hakuwa na mjomba wala kiwanja. Ushirika ukampa jamaa: akaketi jamvini na mwalimu, karani, mpishi na mmisionari, pasipo ada wala kadi wala mlango kufungwa, na kila mmoja akatembea nuruni, akiitaja dhambi yake kwa jina lake. Aliyeficha jembe la tajiri alilirudisha mchana kweupe. Aliyekwepa kodi alikwenda kuilipa. Na Mzungu alipomwomba radhi mpishi wake mbele za watu, katika enzi ile ya kutawaliwa, lilikuwa jambo zito kuliko hotuba nyingi za usawa.

Udugu huo usio na yamini ulijaribiwa huko Kenya: baada ya 1952, ndugu wengi walikikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakazikataa pia bunduki za serikali, hata baadhi yao wakauawa.

Sisemi hawakuwa na ila. Aghalabu walikuwa wakali kwa Mkristo asiyesema kwa lugha yao ya wokovu, na ukali huo uliwaumiza wengi. Hata hivyo Dayosisi ya Kianglikana ya Morogoro ilipoanzishwa mwaka 1965, Gresford Chitemo, askofu wake wa kwanza, alikuwa mtu wa ushirika huo, ilhali masimulizi yetu ya kanisa hupenda kuanza na majengo na orodha ya maaskofu, kwa kuwa majengo yana hati na ndugu hawakuweka daftari. Basi atakayeiandika tarehe hiyo aanzie Berega na Mamboya, vijijini Ukaguru, aulize nani alimrudishia nani kitu gani, na nani alikula kwa nani. Sura za majengo zije baadaye.