Speza chini ya taksi: gari inapimwa tupu, inatembea imejaa

Ukipita kwenye parkingi za taksi huko Beni ao Butembo, utaona zile gari ndogo za Toyota zikisubiri abiria wa Kasindi, wa Oicha, wa Lubero. Zilitoka Japani na magurudumu yake ya kawaida. Leo nyingine zinavaa janti pana za alumini zinazong'aa, na tairi zimetokeza nje ya bodi. Mara nyingi nyuma ya mng'ao huo kuna kipande ambacho abiria haoni: speza. Ni kile kisahani kinene cha chuma ao alumini kinachoingizwa kati ya kitovu cha gurudumu na janti, ili janti ambayo haikutengenezwa kwa gari ile ikubali kukaa, ao ili gurudumu lisogee nje.

Mtu akipenda kuipamba gari yake ya nyumbani, hiyo ni mali yake na shingo yake. Gari ya abiria ni jambo lingine. Tena katika eneo hili abiria si mtu mmoja mwenye mkoba. Ni mama aliyekimbia kusini mwa Lubero na watoto wanne, godoro, masufuria na bidoni mbili. Ni baba anayerudi kutazama kama shamba lake bado lipo. Hawa hawakuchagua gari. Wamepanda ile iliyokuwa na nafasi. Kwa ajili yao neno linapaswa kuwa moja: gari inayobeba watu kwa malipo isifungwe speza.

Mashofere wana sababu zao, na si zote ni za urembo. Shimo moja tu linaweza kupinda janti ya chuma ao kupasua ya alumini. Janti ya aina ileile ikikosekana sokoni, shofere anaonyeshwa janti iliyotoka kwenye gari nyingine kabisa, kwa bei anayoiweza, na fundi anamwambia: « Tutaweka speza, itakaa. » Gari ikilala garajini hakuna anayekula nyumbani. Wengine wanasema magurudumu yakiwa mbalimbali gari inasimama imara zaidi na mzigo. Katika hilo kuna ukweli kidogo: gari yenye magurudumu yaliyoachana hailali sana kwenye kona. Lakini faida hiyo inalipwa kwingine, na anayelipa ni aliyeketi ndani.

Kila janti ina vipimo vyake, na kwenye nyingi baadhi ya vipimo hivyo vimeandikwa nyuma. Toyota Probox na Corolla nyingi za zamani zina buloni 4 zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Noah na RAV4 za zamani zina buloni 5 kwenye duara la milimita 114.3. Katikati kuna kitovu kinachoingia ndani ya tundu la janti: milimita 54.1 kwa Probox, 60.1 kwa Noah. Kitovu hicho kinaweka gurudumu katikati kabisa. Sasa janti nyingi za kununua kando zina tundu la milimita 73.1, ili zikubali gari za namna nyingi. Ukifunga janti kama hiyo kwenye Probox bila pete ya kujaza nafasi, inabaki milimita tisa na nusu kila upande. Gurudumu halikai tena juu ya kitovu, linaning'inia kwa buloni. Usukani unaanza kutetemeka, na shofere anadhani ni barabara.

Hatari inayodanganya zaidi ni ile ya vipimo vinavyokaribiana. Janti nyingi za Mercedes zina matundu 5 kwenye duara la milimita 112. Kwa macho zinafanana na zile za 114.3 za Noah, na tundu lake la katikati ni kubwa, linapita bila shida. Basi fundi anazilazimisha. Tofauti ni milimita moja na kidogo kwa kila buloni, lakini inatosha ekru zikae upande, zikijifanya zimekaza. Ekru iliyokaa upande haikazi. Inangoja.

Kisha kuna urefu wa buloni. Buloni za Toyota hizi zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa ekru unasonga milimita 1.5. Kanuni ya mafundi ni rahisi: ekru ishike buloni kwa urefu usiopungua unene wa buloni yenyewe, ni kusema mizunguko 8 kamili. Speza bapa ya milimita 5, ile isiyo na buloni zake, inakula zaidi ya mizunguko mitatu. Tena inafunika ukingo wa kitovu ambao janti ingeukalia. Kwa hiyo gurudumu linapoteza mara mbili: halina kikalio na halina mshiko. Mbaya kuliko hiyo ni kupanga vyuma vidogo kwenye kila buloni mahali pa speza. Hiyo isiitwe ufundi.

Wanaouza speza nene zenye buloni zake watajibu kwamba zao hazina kasoro hizo. Ni kweli kwamba zilizotengenezwa vizuri, zenye kikalio cha kitovu na chuma chenye nguvu, zipo, na watu wa michezo ya gari wanazitumia. Lakini hata Ujerumani, nchi ya Mercedes na BMW, speza haifungwi kiholela: inatakiwa kuwa na hati, na mara nyingi gari inapelekwa kwa mkaguzi kabla ya kurudi barabarani. Kama wenye barabara laini wanaogopa hivyo, je, sisi tunaoshuka Kabasha na mzigo hadi juu ya paa?

Na hapo ndipo shina la jambo lenyewe. Fundi anapofunga speza, gari imesimama garajini, tupu. Anazungusha gurudumu kwa mkono, haligusi kitu, anasema sawa. Gari ikipata watu na magunia, springi zinashuka. Tairi ambayo haikugusa bodi sasa inaigusa kila inapoanguka shimoni, na ukingo wa bodi unaikata kidogo kidogo. Zaidi ya hiyo, speza ya milimita 30 inasogeza uzito wote mbali na mahali ulipopangiwa. Kila anayebeba bidoni anajua: ikiwa karibu na mwili ni nyepesi, ukinyoosha mkono inakuvuta bega. Beringi ya gurudumu ndiyo bega hilo. Inachoka kabla ya wakati wake, na buloni zinavutwa kwa kila shimo. Gari inapimwa tupu, inatembea imejaa. Shofere anayesema « nimejaribu, iko sawa » hajajaribu kitu bado, kama hajajaribu na familia nzima ndani. Na familia si kitu cha kujaribia.

Kuna tena jambo la usukani. Nyingi ya gari hizi zina usukani kuume, nasi tunapita kuume. Shofere anaketi upande wa mfereji, na upande wa kushoto, ule unaopishana na pikipiki na malori, hauoni vizuri. Ukiongeza gurudumu lililotokeza upande huo, umemwongezea mwenye pikipiki hatari ambayo shofere mwenyewe haoni.

Basi ifanywe nini? Kwanza, shofere anayetafuta janti aende sokoni na vipimo vyake mkononi, asiende na macho tu. Janti ya chuma iliyotumika, isiyong'aa, yenye duara na tundu la gari yake, ni bora kuliko alumini ya gari nyingine. Ikipindwa na shimo, mara nyingi inaonyesha mapema, na fundi anaweza kuinyoosha. Mwenye gari ndiye ailipe. Haifai shofere wa kukodi alazimike kuchagua kati ya kazi yake na usalama wa watu.

Pili, ukaguzi ufanyike parkingini, si kwenye vizuizi. Watu wamechoka na vizuizi, na sheria mpya mikononi mwa anayesimamisha gari njiani inaweza kugeuka mlango mwingine wa kuomba franka. Abiria hatapata usalama wowote katika hiyo; bei ya safari itapanda tu. Mashofere wana chama chao, ACCO, na kila parkingi ina wasimamizi wake. Hao wanajuana, wanajua gari ya nani inavaa nini. Waseme tu: gari yenye speza haipandi kwenye zamu. Kazi ya kutazama magurudumu manne inachukua dakika chache, kabla abiria hawajalipa.

Tatu, kwa gari ambazo bado zinazo mpaka zitakapotolewa, ekru zikazwe kwa haki. Toyota ndogo zinataka nguvu ya karibu Nm 103. Kwa mtu asiye na ufunguo wa kupimia, hiyo ni sawa na kusukuma kwa nguvu ya kilo 26 kwenye ncha ya ufunguo wa sentimita 40. Kijana wa kilo 70 anayepanda juu ya ufunguo huo kwa miguu miwili anapita kipimo mara mbili na nusu. Anavuta buloni mpaka inakaribia kukatika, halafu anajisifu kwamba amekaza. Ekru zikazwe kwa kuvukana, si kwa kufuatana, kisha zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Janti ya alumini inatulia polepole, na ekru iliyokuwa imekaza jana inaweza kuwa legevu leo. Speza zenye buloni zake zina ekru za ndani pia. Hizo hazionekani mpaka gurudumu litolewe, ndiyo sababu watu wanazisahau.

Abiria naye asikae kimya. Kabla ya kupandisha watoto, azunguke gari. Kama tairi imetoka nje ya bodi, aulize. Kama kuna michirizi ya kutu nyekundu inayotoka kwenye ekru, ni alama kwamba kitu kinacheza pale chini. Njiani, akisikia mlio wa kugonga-gonga gari inapokwenda polepole, ao ngurumo inayopanda na mwendo, ao usukani ukitetemeka mikononi mwa shofere, aseme: « Baba, simama tutazame. » Shofere mwema hatakasirika, kwa sababu naye ana watoto wanaomngoja.

Anayehama hana nguvu ya kuchagua mengi. Amechaguliwa siku ya kutoka, njia ya kupita, mahali pa kulala. Barabara ina hatari zake za kutosha ambazo hakuna fundi anayeweza kuzifungua kwa ufunguo. Hii moja inafunguka kwa ekru nne ao tano kila gurudumu, katika asubuhi moja, kwenye garaji yoyote ya mji. Wenye gari waifungue.