Eliza hadaiwi mapenzi
Na Zuhura Mbwana

Pygmalion, mchonga sanamu wa kisiwa cha Kupro, aliwachukia wanawake wa kwao, akajichongea wake wa pembe ya ndovu. Mshairi wa Roma, Ovid, anasimulia alivyomhonga makombe ya pwani, ndege wadogo na maua, akamvisha na mkufu. Mwishowe Venus, mungu wa mapenzi, akaitia sanamu uhai, wakaoana. Katika kisa chote mwanamke yule hatamki neno, wala hakuna anayemuuliza kama naye anapenda.

Aliyempa ulimi ni George Bernard Shaw, Mwairishi, katika tamthilia yake *Pygmalion* iliyoonyeshwa kwanza Vienna mwaka 1913. Humo sanamu ni Eliza, binti muuza maua wa London, na mchongaji ni Profesa Higgins, aliyejigamba kwamba kwa miezi sita atamfunza matamshi ya mabwanyenye hata wenyewe wasimshtukie. Anafaulu. Usiku wa ushindi anamshukuru Mungu kwamba kazi ile ya kuchosha imekwisha, kisha anaulizia sapatu zake. Eliza hapewi hata ahsante. Anazinyakua sapatu na kumvurumishia, moja baada ya nyingine. Alichotaka ni wema kidogo tu, akanyimwa. Basi anaondoka.

Watu hawakukubali aondoke. London, mwaka 1914, Herbert Beerbohm Tree, aliyecheza Higgins, alikuwa akimrushia Eliza maua kabla pazia halijashuka, ili watazamaji warudi makwao wakijua kuna harusi. Shaw alighadhibika. Mwaka 1916 akaongeza maelezo marefu kitabuni: Eliza ameolewa na Freddy, kijana asiye na kitu aliyempenda. Haikusaidia. Katika filamu ya 1938, na baadaye katika tamthilia ya nyimbo *My Fair Lady*, Eliza anarudi kwa Higgins, naye anamuuliza sapatu zake ziko wapi!

Mimi niko upande wa Shaw. Dai la Higgins nalisikia hata huku kwetu: nimemsomesha, nimemvisha, nimemtoa kijijini, leo ananikataa? Uchungu wake naujua ni wa kweli, na simcheki mtu aliyeachwa. Lakini ada ya chuo si mahari, na binti hakutia saini popote kwamba atalipa kwa moyo wake.

Wewe unayemsomesha mtu kwa kuwa unampenda, endelea kumsomesha. Ila muulize leo anataka nini, na akikujibu hapana, ipokee.